Siku Stendi Yangu Ilipopiga Magoti

Sisi wapiga picha wa Kikula, mtaa wa Likasi, unaweza kututambua kwa mabega. Bega langu la kushoto limeshuka kuliko la kulia, na si kwa uzee, ni kwa mkanda wa mfuko ninaobebea stendi ya kamera, taa mbili na mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga. Vyote hujikunja. Aliyeniuzia aliniapia kwamba ni vyombo vyepesi, vya safari. Nadhani hakuwahi kuvipandisha kwenye pikipiki ya kukodi, stendi imelala mapajani, dereva akiuliza kwa upole kama ndani ya mfuko kuna bunduki au msalaba.

Kazi yangu ni harusi, komunyo ya kwanza, matanga, na mara mojamoja bwana anayetaka picha na gari ambalo si lake. Nimezoea wanaoogopa kamera na wanaoipenda kupita kiasi. Ila mteja mgumu kuliko wote nilimkuta nyumbani siku niliyozaliwa. Ni baba yangu.

Mdogo wangu wa mwisho, msichana, anaishi Ulaya. Huko alipata mchumba, kijana wa kwetu mwenye adabu zake. Wazazi wa kijana walikuja hapa Likasi, mahari ikapokelewa, mbuzi akaliwa, kila mtu akarudi kwake ameshiba. Kilibaki kitu kimoja. Sisi ni watu wa Kasai, babu zetu waliletwa huku kwa kazi ya migodi, na katika ukoo wetu binti haolewi kabla hajapiga magoti mbele ya baba yake, naye baba akamwekea mkono kichwani na kusema maneno yake. Padri ana baraka yake na baba ana ya kwake, hakuna anayemfanyia mwenzake kazi. Harusi ilipokaribia, mdogo wangu alinipigia simu. Hakulia, na hapo ndipo nilipojua kwamba hatanii.

"Yaya," aliniambia, kwa maana mimi ni mkubwa wake, "kama baba haniwekee mukono, minye siingie mu kanisa."

Baba asingeweza kupanda ndege. Magoti yamechoka, kifua kinapiga filimbi akipanda ngazi za kanisa, na kuhusu hati za safari, tusiongee. Tulijaribu simu ya video. Mtandao ukawa unamkata katikati ya neno na kumgandisha, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Alipoiona sura yake hivyo, alirudisha simu mezani kwa vidole viwili.

"Baraka habaikate bipande-bipande sawa nyama ku soko," alisema.

Nikaona saa yangu imefika. Mimi si ndiye mwenye stendi, taa na mwavuli? Niliwatangazia wote wawili, baba na mama, kwamba nitamrekodi baba kwa utulivu, picha safi, sauti safi, video ambayo hata televisheni itaionea wivu, halafu nitaituma yote nzima. Mama alikuwa akichambua mboga. Alisema, "Tutaona." Mama ana namna ya kusema "tutaona" ambayo imewahi kuvunja uchumba.

Tulichagua siku ya Jumatano, mchana. Umeme haukuwapo, lakini taa zangu hutumia betri, kwa hiyo nilivimba kichwa kidogo. Sebule ya wazazi wangu imepakwa chokaa ya Kakontwe, machimbo ya hapa jirani, mama huirudishia kila sikukuu inapokaribia, na ukuta ule ni fahari yake. Kwa mpiga picha ukuta ule ni adui. Unapowasha taa mbele yake, unakurudishia mwanga wote machoni, na riba juu yake.

Baba akatoka chumbani. Alikuwa amevaa koti la siku aliyoagwa kazini, tai, kofia, na miwani myeusi.

"Baba, miwani," nilisema.

"Taa yako inaniumiza."

"Nitaipunguza."

Akaivua. Akautazama mwavuli wangu mweupe uliofunguka juu ya kabati ya vyombo. "Mvua iko inanyesha mu nyumba?" aliuliza. Mama akacheka jikoni. Nikamwomba avue na kofia, akaivua, na paji la uso likang'aa mpaka taa yenyewe ikaonekana ndani yake, duara zima. Nilimpaka poda ya mama. Alikubali kama watu wanavyokubali sindano, akiangalia pembeni. Basi nikasimamisha stendi, nikafunga kamera juu yake, nikarudi nyuma nikajisifu moyoni.

"Na huyu eko nani?" akauliza baba.

"Nani, Baba?"

"Huyu mwenye kusimama mbele yangu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. "Minye niikale, mutoto asimame?" alisema. "Niko nabariki mutoto, na yee aniangalie toka juu?"

Nikamweleza kwamba kamera lazima iwe kwenye usawa wa macho. Nilieleza vizuri, kwa mikono, kwa Kifaransa pia. Tafadhali usidhani baba hakuelewa. Huyu ni mtu aliyeendesha mashine kubwa kuliko nyumba yetu, na kila asubuhi hunitumia kwa simu picha ya maua yenye kunitakia siku njema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Minajua, ni chuma," alisema. "Lakini pa mbele yangu ni fasi ya mutoto. Kile kintu chenye kiko mu fasi ya mutoto, kifanye sawa mutoto."

Ukiambiwa hivyo na baba yako utafanya nini? Nikapiga magoti mimi, ili niipigishe magoti stendi. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Stendi yangu ilitangulia kuvunjika guu, kwenye harusi moja ya watu wanaocheza sana, na guu lile nimelifunga kwa mpira wa baiskeli. La mkuu ilikuja kulisikia siku ile. Niliikunja, nikaitandaza miguu, ikashuka mpaka chini ya magoti ya baba. Mama akaja mlangoni akifuta mikono, akaikagua.

"Na miguu yake yote inje vile, mbele ya baba yake?"

Akaenda chumbani, akarudi na kikwembe chake cha kijani, akakifunga kwenye stendi kwa fundo lile lile analofunga kiunoni kwake. Nimepiga picha maharusi ambao hawakusitirika hivyo.

Sasa nikachungulia kwenye kamera. Kutoka chini kule, baba yangu alikuwa matundu mawili ya pua, kidevu, na mabati ya paa. Niliisogeza stendi nyuma. "Asiende mbali," alisema baba. Nikairudisha, nikainua shingo ya kamera. Taa niliyoishusha kuifuata kamera ikamtupia vivuli kwenda juu, nyusi zikawa pembe, akawa mchawi wa kwenye mchezo wa kuigiza. Nikairudisha taa juu, nikapachika mwavuli kwenye mlango wa kabati. Baba alinitazama nikitambaa sakafuni na suruali yangu ya kazi, akasema kwamba kama angejua kazi hii ni ya magoti angenipeleka utawani. Mwishowe, baada ya kutoa mto mmoja chini yake na kuongeza kitabu kimoja chini ya kamera, nikapata sura yake. Nilikuwa nimelowa jasho.

Mara ya kwanza alianza hivi: "Wakwe zetu, ndugu, majirani, na ninyi wote muliofika hapa." Nikamsimamisha. Nilimuuliza anaongea na nani. Mara ya pili akaanza vizuri, lakini macho yake yananifuata mimi kila ninapokwenda kurekebisha taa.

"Usiniangalie mimi, Baba. Uangalie kioo cha kamera."

"Unaomba nibariki mudogo yako, na weye uko unatembea-tembea nyuma yake. Ikala."

Nikakaa sakafuni. Mama naye akaja akakaa karibu yangu, akasema haraka haina baraka, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyekuwa akifanya chochote.

Baba akaiangalia kamera. Aliiangalia muda mrefu, na mimi nikiangalia kioo kidogo kilicho nyuma ya kamera nikaona uso wake ukibadilika. Ile sura ya koti na tai ikaondoka. "Mama," akasema, maana ndivyo anavyomwita mdogo wangu tangu utotoni, kwa kuwa alirithi jina la bibi yetu, mama mzazi wa baba. "Mama, minakuona. Umeya." Umefika, alimaanisha. Akaongea naye Kiswahili, akaingia Kiluba cha Kasai, akarudi. Taa ilimkaa sawasawa, mwanga laini upande mmoja, kivuli kidogo upande wa pili. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Moyoni nilikuwa nasema, hapo hapo, Baba, usisogee.

Akasogea. Alishika mkono wa kiti, akainuka nusu, akainama, na mkono wake wa kulia ukaanza kushuka. Kwenye kioo niliona kiganja kikikua, mistari yake, kovu la moto wa kazini, halafu mwanga mwekundu katikati ya vidole, halafu giza. Alikuwa ameweka mkono juu ya kichwa cha mtoto wake, na kichwa hicho kilikuwa kamera yangu, kioo na kila kitu.

Nilifungua mdomo. Mama akanifinya paja, mfinyo wa zamani, wa kanisani. Nikaufunga.

"Nyumba yako isimame," baba alisema ndani ya giza lile. "Bwana yako akikupenda, Mungu amuongeze. Siku mapendo inapunguka, usijifiche, utupigie. Na kama anakuchoka, njia ya kwetu unaijua. Hatukukuuzisha, mama. Tulikutuma tu."

Akatoa mkono, akakaa. Kioo cha mbele kilibaki na ukungu wa jasho la kiganja. "Imeisha," alisema.

"Baba, turudilie ile ya mwisho tu. Mukono ilifunika picha yote."

"Turudilie nini?"

"Baraka."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyegundua kwamba pesa za katekisimu zilipotea bure. "Esau alilia mupaka sauti ikakauka," alisema. "Isaka alirudilia baraka?" Akaenda chumbani kuvua tai.

Nilikasirika, na sikukasirika kidogo. Nilikunja vyombo vyangu kwa kelele. Mtu mzima, mwenye kazi yake, ninayewapigia picha watu nisiowajua wakatoka wanapendeza, na baba yangu mwenyewe, siku moja hiyo tu, kwenye maneno ambayo mdogo wangu alikuwa anayangoja ili aolewe, nimempigia giza. Mtu yeyote angeiona video ile angesema huyu fundi alisahau kutoa kifuniko cha kamera. Niliwaza nilikate lile giza, niweke pale picha ya mdogo wangu ya komunyo, sauti ya baba ipite chini yake. Lakini harusi ilikuwa Jumamosi, na nilitaka aone walau nusu ya kwanza ile yenye mwanga mzuri. Nikaituma ilivyo, na ujumbe: "Pole sana. Mukono ya baba ilifunika kamera. Ile fasi ya giza nitaikata."

Jioni, tukiwa mezani na bukari, ugali wetu, simu ikalia. Alikuwa yeye. Sasa alikuwa analia, na kucheka pia, nikashindwa kujua kipi ni kipi.

"Yaya, usikate kintu," alisema.

Alinieleza. Aliisimamisha simu juu ya kitanda, ikiegemea mto, akapiga magoti chini ili awe kama alivyopaswa kuwa. Akamwona baba. Akaona baba anainuka, na mkono unakuja, unakuja kwake, unazidi kuwa mkubwa, mpaka ukafunika kila kitu. Kwanza alidhani simu imezima. Halafu akaisikia sauti inaendelea. Basi akaichukua simu, akajiwekea juu ya kichwa, akafumba macho, akabaki hivyo mpaka baba akamaliza.

"Telefone ilikuwa moto, Yaya," alisema. "Sababu ilikuwa inafanya kazi tangu asubuhi. Ilikuwa moto sawa mukono."

Machozi yalikuwa yananiingia kwenye bukari. Nikampa mama simu, mama naye akasikiliza, akaifunga bila kusema "tutaona".

Baba alikuwa kwenye kiti chake, ameshika redio sikioni. Redio ilikuwa imezimwa.

"Ilifika?" aliuliza.

"Ilifika, Baba."

"Ilifika fasi gani?"

"Ku kichwa."

Akaiweka redio chini.

"Bon," alisema. "Sasa aingie mu kanisa."