Mbonyezo wa Ziada

Nilipopangiwa kazi kwenye mtambo wa maji kando ya mto, upande wa Janga, kitu cha kwanza nilichopima hakikuwa maji. Nilipima salamu. Nilikaa kwenye kibanda cha simu ya upepo na saa yangu ya mkononi, nikamsikiliza fundi wa pampu akizungumza na mlinzi wa tangi aliyekuwa ng'ambo, juu ya kilima huko Vihingo.

"Mtoni, mtoni, hapa tangini. Ova."

"Nakupata, Mzaramo. Umeamka, au umeamshwa?"

"Nimeamka kabla yako wewe pagazi. Mgongo haujambo? Au bado una alama za mizigo ya babu zako?"

"Mgongo mzima. Wewe je, nazi zimebaki mtini au umekwisha zila zote?"

Halafu zikaja habari za nyumbani, za goti la fundi, za kikohozi cha mke wa mlinzi, za ngiri walioingia kwenye muhogo. Dakika nne. Mwisho kabisa ndipo mlinzi akasema, "Tangi mita mbili na robo," na fundi akajibu, "Mbili na robo, nazima pampu saa nne." Kile ambacho redio ililetwa kwa ajili yake kilichukua muda wa kupiga chafya.

Wazee wale wawili walikuwa watani. Fundi alikuwa Mnyamwezi aliyekuja pwani ujanani kukata mkonge akasahau kurudi, na mlinzi alikuwa Mzaramo wa hapohapo kilimani. Mimi nilikuwa na digrii mpya ya uhandisi na umri wa miaka ishirini na minne. Chuoni tulizoea kuuliza kila jambo limetoka wapi na linamfaa nani, na utani tulikuwa tumeuhukumu siku nyingi: mabaki ya ukabila. Niliyahoji na mengine pia, msinione nilikuwa mkali kwa wazee tu. Nilimuuliza katibu wa tawi kwa nini bomba lipite katikati ya kijiji kisichokuwa na hata koki moja. Alinitazama akasema, "Injinia, wewe unakula maswali."

Lakini suala la salamu halikuwa la nadharia tu. Redio ya tangini ilitumia betri ya gari. Betri ilichajiwa kwetu mtoni, ikapelekwa kilimani kwa Land Rover, na hiyo ndiyo miaka ambayo dizeli, sabuni na sukari vyote vilikuwa na foleni. Redio ikisikiliza hula kidogo; ikisema, hula sana. Betri ikifa, sisi mtoni tulisukuma maji kama vipofu. Mara tangi lilifurika likala udongo wa mteremko, mara lilikauka na zahanati ya kijiji cha chini ikakosa maji ya kuoshea vidonda. Betri mpya hatukuwa na pa kuipata.

Kwa hiyo nikabuni njia, na sitasema uongo, niliipenda sana. Redio ikiwa imewashwa hutoa mvumo, kama mafuta ya kukaangia. Mtu wa upande wa pili akibonyeza kitufe cha kisemeo bila kusema neno, mvumo hukatika mpaka akiachie. Basi mlinzi abonyeze kwa kirefu kwa kila mita, na kwa kifupi kwa kila robo. Kimya kirefu mara mbili, kifupi mara moja: mita mbili na robo. Fundi naye ajibu kwa mbonyezo mmoja kwamba amepokea. Hakuna haja ya sauti. Niliandika utaratibu kwenye karatasi mbili na kuzibandika kwenye redio zote mbili. Mstari wa mwisho ulisema: *Sauti itumike kwa dharura tu, yaani bomba likipasuka au tangi likivuja.*

Nilikwenda tangini mwenyewe kuwafundisha. Kilima kile zamani kilikuwa na kaya nyingi. Wakati wa kuhamia vijijini watu wote waliteremshwa kando ya barabara, wakabaki mlinzi na mkewe peke yao, kwa sababu tangi lilihitaji mtu. Nyumba yao ilikuwa hatua chache kutoka kwenye tangi, na nyuma yake, kwenye mikorosho, walizikwa baba yake na mama yake na watoto wake wawili. Alinionyesha makaburi kabla ya kunionyesha tangi. Kwenye ukuta wa tangi kulikuwa na ubao mrefu wenye namba na mshale uliopanda na kushuka pamoja na maji, hivyo kipimo kilisomeka hata kutoka barazani.

Alisikiliza mafunzo kwa adabu yote, akabonyeza, akapatia. Halafu akauliza, "Na salamu, mwanangu?"

"Salamu mtapeana mkikutana, mzee."

"Tunakutana lini?"

Nilikuwa nakaza waya wa betri.

"Na kile chombo ulichomwambia dereva," akaendelea, "kinachojipimia chenyewe na kujipelekea habari. Kikija, mimi nakaa wapi?"

Ni kweli nilikuwa nimemwambia dereva. Kulikuwa na wafadhili walioahidi kifaa chenye boya, cha kutuma kipimo bila mkono wa mtu. Nilimwambia mzee kwamba watakaofuata utaratibu vizuri watafikiriwa. Hakuna aliyenituma kusema hivyo. Nilisema tu ili nimalize kukaza waya.

"Nitafuata," akasema. "Mimi hapa sishuki, mwanangu. Nikishuka hawa nawaachia nani?" Akaelekeza kidevu kwenye mikorosho.

Utaratibu ulifanya kazi. Betri ilidumu karibu mara tatu ya mwanzo. Kibanda cha mtoni kilikuwa kimya, fundi alisikiliza mvumo na vipande vyake vya ukimya, akawasha na kuzima pampu kwa wakati. Jambo moja tu liliniudhi. Baada ya kila kipimo, mzee aliongeza mbonyezo mmoja mfupi mno, kama ukope, na kila ulipokuja fundi alicheka peke yake.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Ananitukana."

"Anakutukana anasemaje?"

"Anajua yeye. Na mimi najua."

"Mwambie aache."

"Nimwambieje, injinia? Umekataza sauti."

Ijumaa moja, betri ilipokuwa inapelekwa, nilimpa dereva barua ya mistari miwili: mbonyezo wa ziada unaweza kuhesabiwa kuwa robo, tafadhali usitishwe. Dereva aliikabidhi. Jumatatu asubuhi kipimo kilikuja kisafi, mbonyezo wa ziada haukuwepo. Nilifurahi.

Fundi hakucheka. Mchana alisema, "Ile ya mwisho haipo."

"Amepata barua yangu."

"Mzaramo yule? Aache kwa barua?"

"Watu hujifunza, fundi."

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Jumanne kisafi, Jumatano kisafi. Jumatano jioni fundi alivua miwani, akaifuta kwa koti lake la kazi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Injinia, anayebonyeza kule anabonyeza kama mtu anayebisha hodi kwa mkwewe. Mtani wangu habonyezi kwa heshima hivyo. Niruhusu nimwite mara moja."

"Bomba limepasuka?"

"Hapana."

"Tangi linavuja?"

"Hapana."

"Basi."

Maneno hayo nayaandika kama nilivyoyatamka. Wakati ule niliona nimejibu kwa mantiki. Hata kwenye taarifa yangu ya wiki niliandika kwamba vipimo vya tangini vilikuwa sahihi kuliko wakati mwingine wowote, na vilikuwa sahihi kweli.

Jumamosi, saa moja asubuhi, mvumo ulikatika mara mbili kwa kirefu. Mita mbili kamili. Fundi hakubonyeza kujibu. Aliinua kisemeo bila kunitazama.

"Tangini, tangini, hapa mtoni. Mzaramo, nitukane. Ova."

Mvumo. Aliita tena. Mara ya tatu ukakatika, na tukasikia sauti ya mwanamke, karibu mno na kisemeo.

"Shemeji, tangi mita mbili kamili."

"Nimepokea, shemeji. Mwenyewe yuko wapi?"

"Amelala."

"Mwamshe, niseme naye."

Kimya kilikuwa kirefu kuliko mita yoyote niliyowahi kuisikia. Alikuwa bado amekibonyeza kitufe. Tulisikia mvua kwenye bati lao.

"Haamki, shemeji. Tangu alfajiri."

Land Rover ilikwama mara mbili njiani na tulifika karibu na adhuhuri. Alikuwa amefunikwa shuka mpaka kichwani. Kilikuwa ni kichomi. Jumapili iliyotangulia alipanda ngazi ya tangi mvuani kuondoa majani kwenye mdomo wa bomba, usiku akaanza kutetemeka. Kutoka pale hadi hospitali ya Kisarawe, kwa gari letu, ni safari ya asubuhi moja. Gari lilikuwa limeegeshwa mtoni siku zote sita.

Nilimuuliza mjane swali ambalo sikuwa na haki nalo. Nilimuuliza kwa nini hakuita.

Aliingia ndani akarudi na karatasi yangu. Alikuwa ameibandua kwenye redio ili isilowe, maana bati lilivuja. Alikuwa amejifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima, akaninyooshea kidole kwenye mstari wa mwisho, neno kwa neno, kama wanafunzi wa darasa lile wasomavyo.

"Nimesoma mwenyewe, baba. Inasema bomba likipasuka, au tangi likivuja. Mume wangu si bomba." Hakusema kwa uchungu. Alikuwa ananieleza, kama mwenyeji anavyomweleza mgeni njia. "Naye alinikataza. Alisema tukikosea watatuteremsha. Akanifundisha kubonyeza akiwa kitandani, anagonga kwenye ukingo wa kitanda, mimi nafuata. Ile ya mwisho hakunifundisha. Alisema ile ni ya kwake."

Nitasema hapa yaliyofuata baadaye, nisije nikayakwepa. Niliandika barua kuomba mjane apewe kazi ya mlinzi, kwa kuwa alikwisha ifanya siku sita bila kosa. Nilijibiwa kwamba nafasi ile ni ya mwanamume. Alipomaliza eda aliteremshwa kijijini na vyombo vyake, na makaburi yakabaki na mikorosho. Kifaa chenye boya hakijafika hadi leo. Nimewahi kuuliza kwa nini, kwa mazoea tu. Sikulisubiri jibu.

Walimzika siku ileile, baada ya alasiri. Majirani wa zamani walipanda kilima kwa miguu, wengine hawakuwa wamekikanyaga tangu wahamishwe, wakatembea wakitazama chini kutafuta zilipokuwa nyumba zao. Jeneza lilipotolewa nyumbani na kuanza kuelekea mikoroshoni, wabebaji walisimama ghafla. Fundi alikuwa ameketi katikati ya njia, kwenye matope, miguu ameinyoosha.

Hakuna aliyeshangaa ila mimi. Mzee mmoja akasema, "Mtani wake huyo, muacheni." Shehe alishusha macho, akasubiri.

Fundi alitoa kitu chini ya koti. Kilikuwa kisemeo cha redio ya mtoni, waya wake unaning'inia, haukuunganishwa na chochote. Alikuwa amekifungua kwa bisibisi asubuhi, wakati mimi natafuta dizeli. Mali ya serikali. Alikiweka mdomoni.

"Tangini, tangini, hapa mtoni. Mzaramo, umelala mchana huu wote, na bado watu wanakubeba? Mimi ndiye pagazi, wewe ndiye unayebebwa. Ova."

Watu wakacheka. Wanawake kule barazani walicheka na kulia kwa pumzi ileile.

"Habari za nyumbani? Shemeji hajambo kikohozi? Goti langu linasumbua, nilitaka kukwambia tangu mwezi uliopita. Mahindi yamekubali. Binti yangu amejifungua, mtoto wa kiume, nikasema nikikwambia utataka tumpe jina lako, nikaona afadhali ninyamaze." Akavuta pumzi. "Ngiri wamerudi? Muhogo umebaki? Nazi je, umewaachia wenzako?"

Aliendelea hivyo. Aliuliza kila kitu ambacho hakuwa ameuliza kwa miezi yote ile, kwa mpangilio, hakuruka hata kuku. Kila alipouliza alisubiri, kisemeo sikioni, kama mtu anayejibiwa, na watu wote wakasubiri naye. Jeneza lilikuwa mabegani mwa watu na hakuna aliyesema ni zito. Sikuiangalia saa yangu. Nilijua ninayo mkononi.

Alipomaliza aligeuza kichwa akanitafuta kwenye umati mpaka akaniona.

"Injinia. Naruhusiwa moja ya mwisho?"

Nilitaka kusema ndiyo. Niliitikia kwa kichwa tu, na bado nadhani hakuona vizuri, miwani yake ilikuwa na mvua. Hakungoja. Akakibonyeza kitufe mara moja, kifupi mno, akainuka kutoka matopeni, akawapisha.