Mume Wangu Amewaahidi Wakwe Wapya Mashine Yangu ya Kuranda

Asalaam aleikum admin, na nyote mnaosoma. Jina langu libaki kwako, Kibiti ni ndogo. Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, na ni fundi seremala. Kazi hii nilifundishwa na marehemu baba yangu kule Mohoro. Mume wangu ni dalali wa viwanja. Kazi yake ni mdomo, na hata huo mdomo hajui kuutumia, maana viwanja vingi anavyouza huishia kwa mwenyekiti, watu wakigombea mpaka.

Mwaka juzi kiwanda kimoja cha mbao kilifungwa, na mwenyewe akawa anaondoa vyombo vyake. Mle ndani kulikuwa na mashine ya kuranda, ya chuma kizito, imeshika kutu mpaka visu havionekani. Nikamtengenezea milango ya nyumba yake nzima, naye akanipa mashine. Iliposhushwa kwangu, mume wangu alicheka mbele ya majirani, akasema nimeletewa treni, sasa nitafute reli.

Ni kweli kulikuwa na shida. Ile mashine ilikula umeme wa kiwandani, wa fezi tatu, na sisi nyumbani tuna huu wa taa na friji. Nikaita fundi umeme. Tukaitoa ile mota kubwa, tukafunga ndogo inayokubali umeme wa nyumbani, tukabadilisha puli ili visu vizunguke kwa kasi ileile, na tukavuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye mita. Kutu niliisugua mwenyewe kwa msasa na mafuta ya taa. Zege la kuisimamishia nilimwaga mwenyewe. Nikaunda na kifuniko cha visu, maana vidole vyangu nina kazi navyo.

Muda wote huo yeye alikuwa barazani na simu. Siku moja nilimwomba anishikie upande mmoja tu wa meza ya chuma niingize boliti. Akasema mgongo unamuuma. Alasiri nikaambiwa yuko uwanjani anacheza mpira na maveterani.

Siku tulipoiwasha, ubao wa mninga uliingia na makovu ya msumeno, ukatoka laini. Niliupitisha shavuni. Nililia, na sioni haya kusema.

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita ilipigwa hodi karakana. Mzee mmoja, kofia nyeupe, viatu vina tope la mtoni. Akasema anatoka Salale, ni muunda mashua.

"Samahani, mama. Wewe ndiye kibarua wa bwana?"

"Bwana gani, baba?"

Akamtaja mume wangu. Akasema amekuja kuiangalia mashine, kwa kuwa bwana amemposa binti yake na ameahidi kuitoa mahari.

Nilikuwa na patasi mkononi, nikaiweka chini taratibu. Nikamwambia, "Karibu ukae, baba. Mimi ni mke wake."

Mzee wa watu alikosa pa kuweka macho. Mume wangu akatokea mbio mbio, amejipulizia manukato, akaanza kumwelezea mkwewe mashine. Mkanda akauita cheni. Mzee akamwambia, "Basi, bwana, hebu iwashe tuione." Mume wangu akapapasa huku na huku, hakuiona swichi, akasema leo mashine imepumzika. Mimi nikanyoosha mkono, nikaiwasha, nikapitisha ubao. Mzee akaupapasa kwa kiganja, akauliza kaifunga nani hii. Mume wangu, bila kupepesa, akajibu, "Mimi." Mzee akaurudisha ubao mezani. Akaniaga mimi kwanza, halafu ndiyo akamuaga yeye.

Mzee alipoondoka nikamwambia mume wangu, "Baba Zuhra, mahari unatoa kwa mali ya nani?"

"Mashine iko ndani ya uwanja wangu, Mama Zuhra. Kilichomo ndani ya uwanja wangu ni changu."

"Nenda kamuulize shehe."

Akaenda. Shehe akamwambia mali ya mke ni ya mke. Akarudi akisema siku hizi mashehe hawasomi.

Mkitaka kujua kama ana aibu, hana. Amegeuza maneno, sasa ananibembeleza. "Nisitiri, mke wangu. Nimeshasema mbele ya wazee wa kule. Nikienda mikono mitupu nitaonekana mtu wa ovyo." Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, anataka mkewe amtolee mahari ili asionekane alivyo. Watu wananiuliza kama nina wivu. Wivu wa nini? Yule mtu akihamia Salale leo, mimi nitapata nafasi ya kuanikia mbao.

Kinachonitesa ni kingine. Juzi amenipigia yule mwanamke mwenyewe. Si mtoto, ameachika, ana mtoto mmoja, anauza kamba, wale wa kuliwa. Alizungumza kwa adabu.

"Dada, samahani. Baba karudi hana raha, na hataki kusema sababu. Mimi nimeshadanganywa mara moja kwenye ndoa. Naomba unieleze, huyu bwana ni mtu wa namna gani?"

Nikamwambia nina mteja, nitampigia. Sijampigia mpaka leo, na harusi wameipanga mpunga ukishavunwa.

Nikimweleza ukweli, mume wangu atatangaza Kibiti nzima kuwa nimevunja posa kwa wivu, na ndugu zake watamwamini. Nikinyamaza, dada wa watu ataingia ndoa na mdomo mtupu, na aliniuliza mapema kwa heshima. Mashine sitoi, hapo siombi ushauri wa mtu. Nisaidieni kwenye hiyo simu tu. Mngekuwa mimi, mngempigia? Na mngeanzia wapi?