Spika Zisizoingiza Salamu

Bagamoyo kuna watu wanaopenda muziki, na kuna watu wanaopenda kuwafundisha wenzao namna ya kuupenda. Azzan, muuza pazia, alikuwa wa kundi la pili. Ukiingia dukani kwake kutafuta kitambaa cha dirisha, ulitoka na kitambaa chako pamoja na mawaidha ya muziki: udi unatakiwa usikike wapi, fidla isogee wapi, na kwa nini vijana wa siku hizi wameua besi kwa kuizidisha. Wateja waliitikia kwa vichwa kwa adabu huku wakitazama saa. Azzan alidhani wamevutiwa.

Na bwana huyu mwenye masikio ya kifalme alikuwa akisikilizia taarabu yake kwa spika za masikioni za kununua njiani, zile zinazotandazwa kwenye turubai pamoja na vibiriti vya gesi na soksi. Upande wa kushoto ulikufa kabla hazijazoea sikio. Wa kulia uliishi kwa kubembelezwa: waya ukikunjwa hivi unaimba, ukikunjwa vile unakoroma. Aliufunga kwa selotepu, akaufunga kwa uzi wa cherehani, akautafuna kwa meno pale ulipochubuka. Mtu mzima mwenye duka na heshima zake alipita mtaani shingo upande ili wimbo usikatike. Lakini ubovu ule ulikuwa na rehema yake. Sikio moja lilibaki wazi, na Bagamoyo ni mji wa kuishi na sikio wazi. Mama yake, Bi Zeyana, akimwita alisikia. Salamu ikipita mlangoni aliidaka na kuirudisha.

Mwaka huo Azzan alikuwa na posa. Binti aliitwa Adila, mwalimu wa chekechea kule Mbegani. Alikuja kununua pazia za darasa, wakabishana juu ya rangi mpaka duka likafungwa, na tangu hapo ikawa haipiti siku bila kupigiana simu. Adila maneno anayo. Alikuwa akisimulia habari za watoto wake wa chekechea, za walimu wenzake, za ndoto aliyoota, na Azzan, ambaye maisha yake yote alikuwa msemaji, akajikuta ananyamaza na kusikiliza. Jambo hilo lilimshangaza yeye mwenyewe kuliko mtu yeyote. Alimpenda, tena sana. Akamtuma Mohamedi, fundi anayemshonea pazia, awe mshenga. Barua ikapokelewa. Jibu likabaki kwa Mzee Bwanausi, baba yake Adila, mwenye minazi mingi na asiye na haraka.

Mwenye akili, posa ikiwa mezani, hutembea kwa adabu, huswali safu ya mbele na humsalimia hata mbuzi. Azzan alipanda gari akaenda Kariakoo kununua spika za masikioni.

Alisema ni za kutuliza moyo. Zilikuwa vidude viwili vyeusi, vidogo, visivyo na waya, vinavyokaa ndani ya kijisanduku kama pete ya harusi. Bei yake hatuitaji hapa, maana Bi Zeyana ana wajukuu wanaojua kusoma. Muuzaji alimwambia, "Hizi, kaka, zinaziba kelele zote za dunia." Azzan hakujiuliza kama na yeye ni sehemu ya dunia hiyo.

Alipozivaa mara ya kwanza, nyuma ya marobota ya vitambaa, alilia. Tusimcheke kwa hilo. Wimbo alioujua tangu utotoni, uliopigwa na marehemu ambao hata majina yao hayajulikani, ulimfungukia kama nyumba iliyoondolewa pazia. Alisikia kucha ya mpiga udi ikikwaruza waya. Alisikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti, na huko nyuma kabisa mtu akikohoa kidogo, kwa aibu, kana kwamba anaomba radhi. Alikaa pale akilia kwa ajili ya mkohoaji aliyekufa zamani, na alikuwa na furaha ya kweli.

Kesho yake akaanza uchizi. Aliketi kwenye kigoda mlangoni, kofia imeteremka mpaka masikioni, macho yamefumbwa, na dunia yote ikabaki nje. Watu wakapita. "Asalaam aleikum, Azzan." Kimya. "Shikamoo, mjomba." Kimya. Mji ule mtu anaweza kukusamehe deni, anaweza kukusamehe hata kumzibia njia kwa gari, lakini salamu ni haki yake, na kuijibu ni wajibu wako mbele ya Mungu. Kwanza walisema ana mawazo. Halafu wakasema amepata pesa. Mwisho wakasema ana kiburi, wakaanza kukumbuka kwamba hata babu yake alikuwa hivyo hivyo.

Siku moja ya Jumatano akaja Mzee Bwanausi mwenyewe, amevaa kanzu ya kutokea, bila taarifa. Ni desturi ya wenye mabinti kumchungulia mposaji akiwa kazini kwake, pale ambapo hajajipaka mafuta. Akasimama mlangoni akasema, "Asalaam aleikum." Ndani ya masikio ya Azzan kiitikio kilikuwa kinaingia, na kila kiitikio kilipoingia Azzan alikuwa na mtindo wa kutikisa kichwa taratibu kwa utamu, kushoto, kulia. Mzee akaona mkwe mtarajiwa anamtikisia kichwa cha kukataa. Akatoa salamu ya pili. Kichwa kikakataa tena. Akatoa ya tatu, maana muungwana hapigi hodi ya nne, na kichwa kikakataa kwa nguvu zaidi, kwani fidla zilikuwa zimeingia. Mzee Bwanausi akageuka akarudi Mbegani.

Alasiri Mohamedi aliingia dukani mbio, futi yake ya kupimia bado shingoni, akamchomoa mwenzake kidude kimoja cha sikio.

"Azzan, ndugu yangu, umetuzika wazima!"

"Nani kafa?"

"Posa! Mzee amenipigia simu. Anasema mkwe asiyeitika salamu ya mzee, tena akamfukuza kwa kichwa, hamtaki hata kwa dhahabu."

Azzan akachomoa na kidude cha pili. "Mwambie sikusikia. Nilikuwa nasikiliza udi."

"Nimwambie mzee wa watu kwamba udi ni bora kuliko salamu yake? Hilo ni tusi la pili. Nimeshamwambia jambo jingine." Mohamedi akashusha sauti, ingawa aliyepaswa kutosikia alikuwa mbele yake. "Nimemwambia masikio yako yana maradhi. Kwamba husikii vizuri, na unaona haya kusema."

"Mimi? Kiziwi? Mimi ambaye..."

"Kiziwi anahurumiwa. Mwenye kiburi hahurumiwi. Chagua."

Azzan alifikiri. Ukweli ulikuwa pale pale, mfupi, ungemgharimu safari moja ya Mbegani, kuinama mbele ya mzee na kusema, nilikosa adabu, nisamehe. Lakini ukweli wa namna hiyo una uchungu kwa mtu aliyezoea kuwafundisha watu. Akachagua uziwi.

Habari ikafika nyumbani kabla yake. Bi Zeyana aliipokea kwa machozi na kwa ushindi, maana siku kadhaa alikuwa akimwita mwanawe chakula kinapoa, hajibu. "Nilijua!" alisema, akimtilia masikioni mafuta ya vitunguu saumu ya uvuguvugu. "Nilijua mwanangu hana kiburi. Ni husuda ya watu hiyo!" Majirani wakaleta habasoda, wakaleta kombe la maandiko ya kunywa, wakaleta ushauri, na kila mmoja alimpigia kelele usoni kama anaita boti iliyoko mbali. Azzan, akinuka vitunguu, alishukuru kwa kuweka mkono kifuani.

Tusiseme uongo, uziwi ulikuwa na faida zake. Wateja walikuwa wakipanga njama za bei mbele yake waziwazi. "Ana haja ya kuuza huyu, usimpe zaidi," mke anamwambia mumewe, na Azzan anapandisha bei kwa uso wa mtoto mchanga. Ila mwenye kusikiliza ya wengine husikia na yake. Wanawake wawili waliosimama kuchagua vitambaa vya vitanda walisema mbele yake hivi:

"Maskini. Lakini duka limekuwa na raha, enh?"

"Raha tupu! Tulikuwa tunakuja kununua pazia tunapewa darasa la besi. Mimi nilikuwa nazunguka mtaa wa nyuma nisipite hapa."

Usiku Azzan hakuweza kusikiliza wimbo wowote. Miaka yote ile aliamini anasikilizwa.

Kulibaki mlango mmoja ambao mafuta ya vitunguu hayakuweza kuufungua, nao ni Adila. Mtu kiziwi hapigi simu. Azzan akaacha kupokea simu zake, akawa anamwandikia ujumbe tu. Adila akavumilia mara mbili, kisha akaandika: "Juzi ulinisikia nikikunong'oneza simuni mama asisikie. Leo naambiwa wewe kiziwi. Niambie mimi peke yangu. Ni kweli?"

Hapo ndipo ningependa kumshika Azzan mabega nimtikise. Mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni mtu anayempenda. Akaandika, akafuta, akaandika, akafuta. Alimwogopa mzee. Aliogopa neno lisije likavuja. Akatuma: "Ni mapenzi ya Mungu." Sikio la kufa halisikii dawa, na lake lilikuwa zima kabisa.

Adila hakujibu.

Badala yake likaja jibu la Mzee Bwanausi, na jibu lilikuwa njooni. Tena kwa furaha! Siku ya Jumapili Azzan, Bi Zeyana na Mohamedi waliketi sebuleni Mbegani, juu ya busati jipya. Toka jikoni sauti ya Bi Mwanvita, mama yake Adila, ilikuwa ikimweleza mumewe habari ya bomba linalovuja, habari ya fundi aliyeahidi, habari ya dada yake anayeumwa. Mzee alikuwa amewageukia wageni, uso umemng'aa.

"Nimelifikiria sana," alisema kwa sauti ya kawaida, akimtazama Mohamedi na si Azzan. "Nilikasirika mwanzo. Kisha nikasema, Bwanausi, fungua akili. Mume asiyesikia ni neema. Nyumba itakuwa na amani. Mke atasema, atachoka, atanyamaza. Hakuna ugomvi wa watu wawili ukiwa mmoja hasikii. Mimi huyu nimemkubali."

Bi Zeyana akapiga kigelegele kidogo cha kujaribia. Mohamedi akashusha pumzi. Azzan akaweka mkono kifuani na kutabasamu kama mtu asiyejua kilichosemwa, na moyo wake ukaruka, maana Adila alikuwa wake.

Adila akaingia na sinia ya kahawa na halua. Akasalimia wakubwa, shikamoo kwa kila mmoja, akapokea marahaba zake. Azzan hakumtazama sana, kwa adabu. Binti akaweka sinia, akachukua bilauri moja tupu, akatia simu yake ndani kama watu wanavyofanya wakitaka sauti iongezeke, akaiwasha. "Wageni wasikae kavu," alisema.

Ulikuwa wimbo ule ule. Udi ukatoka kwenye bilauri ukipiga kelele kama mabati. Fidla zilisaga meno. Mwimbaji aliyekuwa akivuta pumzi ndani ya masikio ya Azzan sasa alikuwa akizama kisimani. Mohamedi alitikisa mguu. Bi Zeyana alifumba macho, "Ah, ya zamani dhahabu." Azzan alijikaza. Alitafuna halua. Jasho likamtoka chini ya kofia. Adila akainama akaisukuma bilauri karibu zaidi naye, ikatetemeka juu ya sinia ya chuma, na hapo ndipo kiitikio kikaingia.

"Itoeni kwenye glasi, jamani!" alipayuka Azzan. "Udi unakufa! Besi yote imekwisha!"

Adila akazima simu.

Kule jikoni habari za bomba zilikatika. Mohamedi akainamia kikombe chake. Bi Zeyana akamtazama mwanawe, akanusa vidole vyake vilivyokuwa bado vina harufu ya vitunguu saumu. Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Bwanausi, ambaye alikuwa amekwisha kuiona amani ya nyumba ile kwa macho yake na hakuwa tayari kuiachia.

"Mimi sikusikia kitu," alisema haraka. "Kuna aliyesikia kitu? Tuendelee. Mahari."

"Najua hukusikia, baba," Adila alisema. Hakupandisha sauti. "Bomba umelisikia leo? Mama anakueleza tangu asubuhi."

Mzee akageukia kahawa yake.

Ndipo Adila akamgeukia Azzan, na alikuwa amekasirika, lakini zaidi alikuwa ameumia, na hakuficha. "Ungekuwa kiziwi kweli ningeolewa nawe. Nilikwisha kumwambia mama hivyo, tungeandikiana mpaka tuzeeke. Nikakuuliza mimi mwenyewe, ukanijibu nini?" Azzan akavua kofia yake, masikio yote mawili yakabaki wazi. "Mwanamume anayesikia akajifanya hasikii, nyumba hii tunaye. Mama amezungumza na ukuta ujana wake wote. Mimi sitaki ukuta wangu."

Akachukua simu yake, akaenda zake ndani.

"Mwanvita!" Mzee Bwanausi aliita, sauti ya kutafuta msaada. "Mwanvita, njoo uzungumze na binti yako."

Bi Mwanvita alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni muda wote, kitambaa cha vyombo mkononi. Azzan alimwona vizuri. Mama huyo alimtazama mumewe, akasubiri aite mara ya pili, na alipoita mara ya pili akarudi jikoni bila kuitika.