Mzee Aliyemkosa Mkewe Upande wa Kushoto

Juzi nilikwenda kliniki ya macho hapa Kigoma kupimwa presha ya macho. Kwenye benchi la mbele yangu walikaa mzee na mkewe, waanika dagaa wa ufukweni Katonga. Daktari akaja kuwaeleza pale pale.

"Mzee, tiba za mwanga wa leza ziko aina mbili. Moja inasaidia maji ya jicho yatoke vizuri. Nyingine inapunguza maji yanayotengenezwa. Zote zinashusha presha. Wewe tutaanza na ya kwanza, ni nyepesi kwa jicho."

Mzee akanyoosha mkono wa kushoto, akapapasa hewa. "Ipi inarudisha kuona upande huu?"

"Hakuna, mzee. Kilichopotea hakirudi. Tunalinda kilichobaki."

Mzee akaushusha mkono. "Miaka yote tukigeuza dagaa mchangani, mwenzangu huwa kushoto kwangu. Mwaka huu nikaona kila asubuhi ananichelewea. Nikanuna. Kumbe yupo pale pale, macho ndiyo hayamwoni. Daktari, nimemkumbuka sana huyu mama, na tunalala nyumba moja."

Mkewe akasema taratibu, "Na mimi nilidhani umenichoka."

Kisha akainuka, akazunguka benchi, akaketi kulia kwake. Mzee akamtazama kwa muda mrefu, kama anayempokea mtu bandarini.

Mimi niliambiwa macho yangu hayana tatizo lolote. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilijaribu kukumbuka mke wangu hukaa upande gani tunapokula, na sikukumbuka.