Picha ya Mama Bila Miguu

Mume wangu Masatu alikuwaga na studio ya picha pale Mwigobero, Musoma, karibu na soko la samaki, na ubishi wake ulikuwa wa kuzaliwa nao. Sheria yake ilikuwa moja: mtu apigwe mzima, kuanzia nywele hadi viatu. Wateja nao walitaka hivyohivyo. Ukimkata mtu magotini, anakurudishia picha yako na matusi juu.

Baba yake alikufa na jina la kejeli. Enzi za mkoloni alikwenda Moshi kufanya kibarua cha kahawa, akarudi kwao Nyamuswa akisimulia mlima wenye barafu kichwani. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Jirani yake, mzee Keraryo, akambandika jina la Barafu, na hata msibani alilitamka. Mama mkwe wangu Nyamburi hakulisamehe jina hilo.

Mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, rubani wa misheni aliyekuwa akileta dawa Musoma alitaka picha za Kilimanjaro za kuweka kwenye kalenda. Akamchukua Masatu kwenye ndege yake ndogo, na kiti kimoja kikabaki wazi. Nilijua hicho ni changu; gauni nilishalipiga pasi. Kumbe mama mkwe yuko uwanja wa ndege tangu alfajiri, kitenge kipya, viatu vya kuazima. Nilinuna wiki nzima, sifichi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Mlima ulipotokeza, mweupe kweli, alilia. Masatu alipiga picha za kalenda mpaka filamu ikabaki na moja tu. Mama akaomba iwe yake, akae dirishani na mlima uonekane nyuma. Masatu akarudi nyuma, akagonga kisogo, akajipinda huku na huku. Miguu ikiingia, mlima unatoka. Akagoma. Jamani, mwanamume mzima, yuko juu ya mawingu, anabishana na mama yake habari za viatu!

"Acha miguu," mama akamwambia. "Miguu yangu wanaijua. Kichwa cha mlima ndicho hawakijui."

Akapiga, huku akinung'unika.

Picha ilipokuwa tayari tuliipeleka Nyamuswa. Keraryo aliishika kwa vidole viwili. Ingekuwa mlima peke yake angesema ni wingu, namjua. Lakini pale alikuwepo Nyamburi, jirani yake wa miaka yote, na mlima mweupe begani kwake. Akauliza miguu iko wapi. Akaitazama tena, kisha akavua kofia.

"Mama Masatu, tulimwonea mzee," akasema. "Kuanzia leo nitamwita kwa jina lake."

Nyamburi akaichukua picha yake, akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Mwite Barafu," akasema. "Ila sasa usicheke."