Uji wangu ulijaa sisimizi: nilivyofanya diet na matembezi Moroni enzi za mamluki

Wakuu, salaam kwenu nyote, na nyie akina dada mnaosoma humu kimyakimya bila kuingia, nawaona.

Jana kuna kijana kaanzisha uzi wa kututia moyo: jipende, amka mapema, kunywa maji, fikiria chanya, mwili utafuata. Nimeusoma mpaka chini nikacheka kwa hasira.

Mnadhani adui wa mazoezi ni uvivu. Mie sikuwa mvivu. Adui wangu alikuwa jikoni, na alikuwa ananipenda.

Nasimulia yaliyonikuta mwenyewe, chumvi sitii. Asiyeamini apite aende uzi mwingine.

Sasa hivi nina wajukuu, lakini hasira ninayoandika nayo ni ya yule mama kijana wa miaka ishirini na kitu, mtoto mgongoni. Haijazeeka hata kidogo.

Nimezaliwa Unguja, wazazi wangu Wangazija. Mama alishikwa na sukari akarudi kwao Moroni kuuguzwa, mie nikabaki namalizia Form Four. Nilipofika Moroni nikakuta ameshazikwa.

Kule Ngazidja nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia. Kwa hiyo nyumba ya mama ikawa yangu. Na ndani yake nikamkuta dada yake mama, Mama Mkubwa, kashika jiko kama serikali.

Nikaolewa na kijana wa mtaa wa pili, tukapata binti, Nasra. Baba Nasra alikuwa karani bandarini Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine kabisa, akija kwa meli akipata nafasi.

Nikiwa na mimba ya Nasra, daktari aliniambia sukari yangu inapanda. Nilipojifungua nikalishwa kama desturi ilivyo: uji wa samli, supu ya mafuta, wali wa nazi, kitandani, usiinuke. Nikafura. Nikipanda ngazi moja moyo unagonga kama mtu anabisha hodi.

Daktari akanikazia macho. "Mama yako alikufa na nini?"

Nikamwambia.

"Na huyu mtoto wako unataka akulie kwa nani?"

Basi. Hiyo ndiyo motivation yangu, wakuu. Sikuhitaji kufikiria chanya. Nilihitaji kubaki hai.

Akaniambia punguza wali, acha sukari na samli, tembea kila asubuhi.

Maneno mepesi. Jaribu kuyatekeleza Moroni ya wakati ule.

Ilikuwa enzi za mamluki. Wazungu waliokuja na bunduki wakamrudisha rais kitini, kisha hawakuondoka, wakawa wao ndio wakubwa wa kikosi chake cha walinzi. Mji mzima ulijifunza kusema kwa sauti ndogo. Mtu akikuuliza habari za kwako unajiuliza kwanza katumwa na nani.

Sasa katika mji kama huo, mwanamke mnene katoka baada ya sala ya alfajiri, kajifunga leso, anakwenda kwa kasi njia ya pwani, hana kapu, hana ndoo, hana mgonjwa wa kumtazama. Akifika mbele anageuka anarudi.

Unakwenda wapi?

Siendi popote.

Hebu fikirieni jibu hilo lilivyonuka.

Jirani yangu Bi Echata alikuwa anafagia mlangoni kwake hata kama hakuna taka, ananisubiri tu.

"Kwezi, bweni," namwamkia kwa heshima kwa Kingazija, mana ni mkubwa kwangu.

"Mbona," ananiitikia kwa lugha ileile. "Unatoka wapi, mwanangu?"

"Kutembea."

"Kumtembelea nani?"

"Simtembelei mtu. Natembea tu. Daktari kasema."

"Aa. Daktari." Anafagia kidogo. "Na huyo daktari ana ndevu?"

Wale mamluki walikuwa na ndevu. Nilielewa anachosema, nikaingia ndani.

Siku moja jeep yao ikapunguza mwendo ubavuni mwangu. Mzungu mmoja mbele, askari wetu wawili nyuma. Mzungu akaniuliza kwa Kifaransa nakwenda wapi. Nikajibu natembea. Akauliza mpaka wapi. Nikasema mpaka pale, halafu narudi.

Akamgeukia askari, wakacheka. Yule askari hakucheka sana. Akaniuliza kwa lugha yetu, "Wewe mtoto wa nyumba gani?"

Swali hilo halikuwa la salamu. Nikamtajia. Jeep ikaondoka.

Sikugeuka pale, wakuu. Nilimaliza njia yangu. Nilijua nikigeuka leo, kesho sitoki.

Adhuhuri haijafika, Mama Mkubwa alikuwa na habari yote, na ya ziada. Nikajiuliza kapewa na nani. Nikaanza kumshuku kila mtu: Bi Echata, muuza mkate, hata shangazi zake Baba Nasra wanaokuja kumbeba mtoto.

"Kaa ndani," Mama Mkubwa akaniambia. "Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema."

Sikukaa. Nikaendelea kutoka.

Na chakula nilijibana kweli. Asubuhi kikombe cha uji mtupu, mchana samaki na ndizi mbichi za kuchemsha, mataba, kile kisamvu chao cha nazi, nachota kijiko tu ili nisiseme nimekataa. Ukikataa chakula kwenye nyumba ya mtu kule hujaonekana una diet. Umeonekana unawaogopa kwa sumu. Kuna harusi moja nilisogeza sinia la ladu pembeni, na mpaka leo kuna ukoo hawanisalimii.

Nikaenda tena hospitali. Mzani haujashuka, umepanda. Sukari iko palepale.

Daktari akanitazama vile walimu wanavyomtazama mwanafunzi muongo.

Mnaelewa uchungu wake? Umepita mbele ya bunduki kila asubuhi, umetukanwa na jirani kwa ufagio, halafu mzani unakuita muongo. Nikaushuku mzani. Nikamshuku daktari. Mwisho nikaushuku mwili wangu mwenyewe, nikasema labda mie nimeandikiwa kufa kama mama. Jioni ile nilikula wali mpaka nikashindwa kuinuka. Nani wa kuniambia nijipende?

Hapa ndipo walipoingia wadudu.

Asubuhi moja Nasra alilia nikauacha uji wangu kizingitini nikaenda kumnyonyesha. Niliporudi kikombe kimezungukwa na sisimizi. Mstari mzima unatoka ukutani, unapanda kikombe, unashuka.

Nikasimama pale kama mjinga. Uji mtupu, wakuu. Maji, unga wa mtama, chumvi kidogo. Sisimizi wanafuata nini?

Kesho yake nikatoka na leso yangu kama kawaida, nikaaga kwa sauti, nikazunguka nyuma ya nyumba nikachungulia jikoni kupitia mwanya wa ukuta.

Mama Mkubwa kakaa kwenye mbuzi yake ya kukunia nazi. Sufuria mbele. Anamimina maziwa ya kopo, yale mazito ya sukari, yanashuka kama gundi. Halafu samli, kijiko kilichojaa. Akakoroga, akaonja, akaongeza. Taratibu, na bismillahi juu yake.

Utamu wa uji ule nilikuwa nadhani ni njaa tu; kumbe kwa matembezi yote yale nilikuwa namsaidia kunijengea hamu ya kuunywa.

Nikaingia. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mkubwa wake, siyarudii hapa. Yeye hakukana. Alifuta mikono akasema, "Ndoa kubwa inakuja. Unataka utolewe mbele ya watu kama ufito?"

Kwa wasiojua: Ngazidja mnaweza kuoana, mkazaa, mkaishi, halafu miaka ikapita ndipo mume akafanya ndoa kubwa na mke wake yuleyule, mji mzima unakula. Siku hiyo bibi harusi anatolewa kavishwa dhahabu, wanawake wanamtazama kuanzia shingo mpaka vifundo vya miguu. Mnene ni sifa kwa nyumba. Mwembamba, watasema mume hana kitu, au nyumba ina ugonjwa.

Yetu ilikuwa imeshapangwa. Nilikuwa nanenepeshwa kama ng'ombe wa karamu, na hakuna aliyeniambia.

Wiki ile ile nikambeba Nasra, nikapanda meli kwenda Mutsamudu kwa baba yake.

Baba Nasra alitupokea bandarini, akambeba mtoto, lakini mimi hakunitazama vizuri. Nikajua kuna kitu kimetangulia kabla yangu.

Sikuuliza. Nikajipikia mwenyewe, sufuria langu, moto wangu. Na alfajiri, baba mtu amelala na mwanawe, mjane mwenye nyumba aliyopanga yupo chumba cha pili, nikatoka kwenye vichochoro vile vyembamba nikashika njia ya kupanda Patsy, kijiji cha juu mlimani.

Jamani ile njia. Kilima tupu. Unapanda unasikia harufu ya mlangilangi unaochemshwa kutolewa mafuta, tamu mpaka kichwa kinauma. Sikuwa na jirani wa kufagia. Hakuna anayenijua. Nilipanda nalia kwa raha.

Siku moja nikasikia nyuma mtu anakohoa. Nikisimama, kikohozi kinasimama. Nikienda, kinakuja.

Nikaokota jiwe, nikajibanza kwenye kona.

Akatokea Baba Nasra. Shati limelowa, kitambi mbele, karani wa kukaa kwenye kiti, mdomo wazi kama samaki kwenye sitaha.

"Baba Nasra! Mtoto yuko wapi?"

"Kwa bibi mwenye nyumba." Anahema. "Unakutana na nani?"

"Na kilima."

"Usinitanie, mwanamke. Unakutana na nani?"

"Panda mpaka juu umuone. Lakini ukifa hapa, mie mgeni, nitakuzika kwa nani?"

Akapanda. Nusu njia nilimshika mkono kumvuta. Juu hapakuwa na mtu ila mzee mmoja anafunga mbuzi, akatuangalia akasema, "Mmepotea?"

Baba Nasra akakaa chini akaanza kucheka, halafu akaacha kucheka. Akanitolea yote. Kuna mama alishuka na meli kutoka Moroni kumletea maneno: mkeo kila alfajiri yuko njia ya kambi ya mamluki, jeep inamsimamia, mzuie asitembee kabla ya ndoa.

"Nani kamtuma?"

Akatazama pembeni.

"Sema."

"Mama Mkubwa wako."

Wakuu, nimeushuku mji mzima. Nimemshuku Bi Echata na ufagio wake. Kumbe aliyenichafua kwa mume wangu, katika miaka ambayo maneno kama yale yalitosha kukufanya uitwe ukaulizwe, ndiye aliyekuwa akininywesha uji.

Tangu siku ile mie na Baba Nasra tulipanda wote. Alikuwa analalamika njia nzima, lakini alikuja. Mwenzako anayelalamika ni bora kuliko kulala. Mpaka tunarudi Moroni kwa ndoa, nguo zangu zote zilikuwa zinanipwaya, na sukari imeshuka. Daktari wa Mutsamudu ndiye aliyeniambia, mzani wa pale sikuwa na ugomvi nao.

Mama Mkubwa akanipokea mlangoni. Alipoona mashavu yangu akashika fremu ya mlango.

Nikamvaa palepale. Uji. Maneno ya meli. Jeep. "Ungefurahi wangenichukua? Ungefurahi niachwe?"

"Bora uachwe," akasema. "Aliyeachwa anapata mwingine."

"Bora kuliko nini?"

Akasema polepole, "Mama yako alipoanza kukonda tulifurahi. Tukasema ugonjwa unatoka. Kumbe ndiye anayetoka."

"Mama Mkubwa, sukari ndiyo iliyomkondesha. Ndiyo hiyo unayonimiminia."

"Wewe hukuwepo," akaniambia. "Mimi ndiye niliyemuosha."

Hilo nalo likanizidishia hasira. Mtu kanikosea na bado ana haki ya kulia mbele yangu.

Siku ya kutolewa, bangili za dhahabu hazikukaa. Zinateremka mpaka vidoleni. Wanawake wameshaanza kunong'ona ukumbini, tunawasikia. Mama Mkubwa akaleta uzi, akapiga magoti, akaanza kuzungusha uzi ndani ya kila bangili mpaka ikashika. Mkono mmoja, halafu wa pili. Hakunitazama usoni hata mara moja.

Nikatoka. Wakasema waliyosema. Nilisimama kwa miguu yangu muda wote wa ngoma, na wale wanene wenzangu wa zamani walikuwa wanatafuta viti.

Asubuhi iliyofuata nikakuta kikombe cha uji mezani. Mama Mkubwa kasimama pembeni. Akakichukua, akanywa yeye kwanza, akakunja uso.

"Haunyweki," akasema.

Nikakibeba kikombe nikakiweka kizingitini, nikakaa, nikasubiri sisimizi.

Naye akakaa kando yangu, tukasubiri wote.

Hawakuja.

Nikanywa.

Basi, funzo langu mie si la kupendeza. Usijilaumu kwanza. Ukiona unajibana na mwili haukutii, chunguza nani anakupikia na anaogopa nini. Na tafuta mtu mmoja wa kutembea naye, hata awe mlalamishi. Umri mama aliofia nimeupita zamani, na bado kila asubuhi natoka. Mama Mkubwa alishatangulia, Mungu amrehemu. Kusamehe nimesamehe robo tatu.

Naona mmoja huko chini ameshauliza kama nilimtaka radhi kwa yale maneno ya jikoni. Hapana.

Haya, semeni nanyi. Nani kwenu anawatilia samli kwenye uji bila nyie kujua? Au wewe ndiye unayemtilia mwenzio? Huyo ndiye namtaka zaidi, ajitokeze hapa tumsikie.