Safari ya Kumuumbua Fundi wa Masaki

Nilikwenda Masaki kwa sababu ya wivu. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nilisukumwa na huruma. Masaki ninayoitaja ni ya Kisarawe, ya mihogo na mananasi, si ile ya wenye nazo kule Dar. Huko anaishi Mama Zuhura, mjane aliyeachiwa na mumewe pikapu kuukuu ya kijani. Kwa miaka mingi hakuna mtu aliyeuweza umeme wa gari lile isipokuwa mimi. Mimi ni fundi umeme wa magari, kibanda changu kiko Picha ya Ndege, Kibaha, na gari lile likigoma lilivutwa kwa kamba mpaka kwangu. Kisha, miaka miwili iliyopita, likaacha kuja.

Nikasikia amepata fundi huko huko, jina lake Selemani. Nilimpigia simu Mama Zuhura nikijifanya namsalimu tu. Hakuona haya kunijibu. "Fundi Elia, fimbo ya mbali haiui nyoka. Huyu yuko mbele ya nyumba yangu." Kumbe alishampa na banda lake la barabarani afanyie kazi. Sikuwahi kumwona huyo Selemani hata kwa picha, lakini nilimchukia kwa jina. Mteja akisifu kazi ya fundi yeyote wa upande ule, nilikosa hamu ya chai.

Jumatano mchana Mama Zuhura akapiga mwenyewe. Mananasi yake yalikuwa yameshavunwa, yako chini, na gari haliwaki. Selemani alikuwa amebadilisha swichi ya ufunguo, na bado. "Siku ya tatu leo," alisema. "Njoo unitazamie, uniambie ukweli. Kama ni huyu ndiye kaniharibia gari, kesho namtoa bandani." Nilimjibu kwa sauti ya masikitiko. Nilipokata simu nilikuwa natabasamu, hadi mke wangu akauliza nimeshinda nini.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilifunga mfuko wa vifaa nyuma ya pikipiki yangu. Mke wangu alisimama mlangoni akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Baba Joyce, shati la kanisani kwenda kulala chini ya gari?" Nikamwambia naenda kwa mteja, lazima nionekane mtu. Alicheka, akaingia ndani. Ananijua.

Maili Moja niliipita malori yakiwa bado hayajajaa. Kiluvya kulikuwa na ukungu mwembamba, na Mbezi nikaiacha barabara kuu, nikashika njia ya Malamba Mawili kuelekea Pugu. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Nilipanga kusema, "Vijana wa siku hizi wanabadilisha vifaa, hawatafuti ugonjwa." Kisha ningetikisa kichwa kidogo, kama daktari aliyeletewa mgonjwa kwa kuchelewa. Nililirudia lile neno mara nyingi sana, na kila mara lilinipendeza.

Saa mbili nilikuwa Kisarawe mjini, baada ya kuupanda mlima wa Pugu katikati ya msitu wenye baridi. Nilikunywa chai na chapati kwa mama mmoja, nikamchokoza kwa kuuliza kama anamjua fundi Selemani wa Masaki. Nilitaka nisikie lawama. "Yule? Mtu mzuri," alisema. "Taa ya pikipiki ya mume wangu ilikufa. Akaitengeneza, na akamwonyesha afanyeje ikifa tena." Fundi anayemwonyesha mteja jinsi ya kutomhitaji. Nikamwona ni mjinga, ila chapati nikaiacha nusu.

Saa tatu na nusu nikaingia Masaki. Mananasi yalikuwa yamerundikwa kivulini, yamefunikwa majani, na harufu yake ilishaanza kuwa ya pombe. Mama Zuhura alinipokea vizuri, akaniwekea kigoda. Selemani akatoka bandani akifuta mikono. Ni mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mpole, baba wa watoto wawili.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

Akanipokea mfuko wa vifaa bila kuambiwa. Nikachungulia banda lake. Ukutani alikuwa amechora umbo la kila kifaa, na kila kifaa kimening'inia juu ya mchoro wake. Mimi bisibisi zangu hulala kwenye ndoo. Wivu ukanipanda upya, tena wa waziwazi.

Nikaingia kwenye pikapu, nikazungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka. Nikazungusha zaidi kupiga stata, kila kitu kikazimika. Sikufungua hata skrubu moja. Nilitoka nikamwambia Mama Zuhura, "Waya zimechanganywa. Aliyebadilisha swichi amezirudisha mahali pasipo pake."

Mama Zuhura akamgeukia. "Umesikia, Selemani?"

"Nimesikia, mama. Ila fundi, nilizifunga nyuzi kabla sijazichomoa. Tazama mwenyewe."

Nikalala chali chini ya usukani. Kweli, nyuma ya swichi kulikuwa na waya nne, kila moja ina kipande cha uzi wa kushonea: mwekundu, wa njano, wa kijani, mweupe. Zenyewe zote zilikuwa nyeusi. Hapo ndipo jasho lilipoanza, kwa sababu aliyeweka waya nyeusi tupu ni mimi.

Nieleze. Waya za kiwandani huwa na rangi ili fundi ajue ipi inatoka kwenye betri, ipi inakwenda kwenye stata. Zile za gari hili zilipochakaa nilizing'oa, nikafunga nyeusi mwanzo mpaka mwisho. Marehemu mume wake aliuliza, nikamwambia rangi nyingine zimeadimika. Zilikuwa zimening'inia ukutani kwangu. Nilifanya hivyo ili fundi mwingine akifungua asielewe kitu, gari lirudi kwangu. Ndivyo nilivyofundishwa na mkubwa wangu wa kazi: ramani ikae kichwani, mteja hatatoka.

Basi siku ile niliitafuta ramani kichwani sikuiona. Nilishika waya hii, nikaiacha, nikashika ile. Nilijifanya nafikiri kwa karibu nusu saa, shati la kanisani limelowa mgongo mzima.

Selemani akaja na taa yake ya kupimia, akalala kando yangu. Alisema kwa sauti ya chini, asisikike nje. "Hii yenye uzi mwekundu ndiyo inayoleta moto wa umeme kutoka kwenye betri. Nikiipima hapa swichini, taa inawaka. Ukipiga stata, inazimika. Swichi ni nzima, ila moto unafia njiani. Ila huko nyuma ya dashibodi inaingia kwenye nyeusi nyingine, sijui inakopita. Sikutaka kukata waya za mtu bila kujua. Ndiyo maana nilimwambia mama akuite."

"Wewe ndiye uliyesema niitwe?"

"Nani mwingine angejua?"

Angenitukana ningeumia kidogo kuliko hivyo.

Tukagawana kazi. Yeye akawa anavuta waya taratibu kutoka swichini, mimi nimeingiza mkono nyuma ya dashibodi napapasa ipi inatikisika. Nikaipata. Nikaivuta mpaka kwenye mwanga, na katikati yake kulikuwa na kiungo kilichofungwa selotepu. Selotepu ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Ndani, shaba ilikuwa imesokotwa kwa mkono tu, bila kuchomewa kwa risasi ya kuyeyusha, imekuwa nyeusi na kijani kwa kuungua. Kiungo cha namna hiyo hupitisha moto wa kuwasha taa, lakini stata ikiomba mwingi kinashindwa. Selotepu ilizungushwa kuelekea kushoto, kama ninavyozungusha mimi. Vumbi lililogandia juu yake lilikuwa la miaka.

Selemani alikitazama kile kiungo, kisha akanitazama.

"Haya," Mama Zuhura aliita kutoka nje. "Ni nani?"

Jibu lilikuwa mkononi mwangu. Kusema "swichi yake mbovu" kungetosha. Kesho yake Selemani angebeba vifaa vyake, na pikapu ingerudi Picha ya Ndege. Nakiri kwamba nililipima jambo hili, tena nililipima kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima.

"Ni mimi, Mama Zuhura."

"Wewe vipi? Miaka miwili hujaligusa."

Nikatoka chini ya usukani, nikamweleza yote: nyeusi tupu, kiungo bila risasi, na uongo niliomwambia mumewe.

"Kwa nini?"

"Ili usipate fundi mwingine."

Alikaa kwenye kigoda. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo marehemu alipokwama Mzenga siku mbili, mafundi watatu wakafungua wakashindwa, akarudi na homa. Zilikuwa hizo nyeusi?"

Sikuwa na pa kutazama. "Ndizo."

Akainuka, akaenda kwenye mananasi yake, akaanza kuyachagua yaliyooza.

Tulikikata kile kiungo, Selemani akaunga waya kwa risasi. Ufunguo ulipozungushwa, gari likawaka mara moja. Halafu akaleta daftari. Tukaifuata waya moja baada ya nyingine mpaka adhana ya Adhuhuri, mimi natafuta na kutaja, yeye anaandika. Sitamdanganya msomaji kwamba moyo ulikuwa mweupe. Kila waya niliyoitaja niliona kama ananipora, na mwandiko wake mzuri nao uliniudhi.

Mchana Mama Zuhura alinipa wali na maharage, maana mgeni ni mgeni. Nilikula peke yangu. Wakati wa kuaga alisema, "Umesema mwenyewe, Mungu akulipe. Lakini gari langu usiliguse tena." Nikamwitikia. Selemani alinisindikiza hadi barabarani, akanifungia mfuko kwenye pikipiki.

Saa kumi, nikiteremka msitu wa Pugu, pikapu ya kijani ilinipita imejaa mananasi, mwanawe Mama Zuhura akiendesha. Ilikuwa inakwenda vizuri. Niliitazama mpaka ikapotea kwenye kona.

Nilichojifunza Kisarawe ni hiki: nilidhani nina wateja, kumbe nina mateka. Ijumaa asubuhi nilinunua daftari, nikaandika kila gari nililowahi kulifunga nyeusi ambalo bado nalikumbuka. Kisha nikampigia wa kwanza, mzee mmoja wa Kongowe, nikamwambia alete gari nilibadilishe waya bila malipo.

"Mbona linawaka vizuri, fundi?" aliuliza. "Lina ugonjwa gani?"

"Linawaka, mzee," nikamjibu. "Ila nililifunga vibaya makusudi. Lete nikueleze."

Mzee akaniuliza kama najua fundi mwingine.

Nikampa namba ya Selemani.